Boyi: Neno la Kiingereza Lililopata Nyumba Lubumbashi

Anayetafuta mahali pa kupanga Lubumbashi, nchini Kongo, awe mwanafunzi wa chuo kikuu au kijana aliyeoa juzi, huulizwa mapema kama anataka nyumba au anataka boyerie. Mjini hapa kila mtu anajua tofauti. Nyumba iko mbele, inatazama barabara. Boyerie iko nyuma, mwisho wa kiwanja, mgongo wake umegusa ukuta wa jirani: chumba kimoja au viwili, mlango unaofungukia uani, choo cha nje. Mwalimu anaweza kupanga boyerie, fundi wa simu anaweza, hata mtoto mkubwa wa mwenye nyumba anaweza kuhamia humo anapoanza kujitegemea. “Anaikalaka mu boyerie,” watu watasema, na mazungumzo yataendelea bila yeyote kuwaza kwamba wametamka neno la Kiingereza lenye umri wa miaka 700 hivi.

Ondoa kipande cha Kifaransa kilichobandikwa mwishoni, na kinachobaki ni boy, neno ambalo mtoto wa shule hufundishwa kuwa maana yake ni mvulana. Lubumbashi haijawahi kutawaliwa na Waingereza. Ilitawaliwa na Wabelgiji waliosema Kifaransa, na watu wake wanasema Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kisanga na lugha nyingine nyingi. Hata hivyo neno hilo dogo lilifika, likapewa kazi, likapata wingi wa Kibantu, baboyi, likazaa maneno mengine, na mwaka 1965 watu waliokuwa wameitwa kwa neno hilo wakaandika mojawapo ya vitabu vya ajabu zaidi katika lugha ya Kiswahili. Ukilifuata neno hili utaona jinsi mji ulivyojengwa, na utaona pia ni nani waliokuwa wakiamka kabla ya mji kuamka.

Reli iliyotoka kusini

Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo kwa jina la malkia wa Ubelgiji, ilianzishwa mwaka 1910. Mwezi Septemba mwaka huohuo treni ya kwanza ikaingia. Reli hiyo haikutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, wala pwani ya Atlantiki. Ilianzia Cape Town, ikapita Bulawayo, ikapita Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, ikavuka mpaka pale Sakania. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kwa mtaji wa Wabelgiji na wa Waingereza, ilihitaji mashine, makaa ya mawe na watu, na vyote vilikuwa karibu zaidi upande wa kusini. Makaa yalitoka Wankie, Rhodesia ya Kusini. Mafundi wengi wa Kizungu walitoka Afrika Kusini. Vibarua waliandikwa kwa maelfu huko Rhodesia ya Kaskazini. Tanuri la shaba la Lubumbashi likawashwa mwaka 1911, na hadi mwaka 1928, reli ilipofika Port-Francqui ambayo sasa ni Ilebo, mlango mkuu wa mji huu uliendelea kuwa wa kusini.

Mlango huo uliingiza lugha pamoja na mizigo. Katika miaka ya mwanzo shilingi na pauni zilitumika madukani, na Kiingereza kilisikika hotelini na kwenye karakana. Migodini kulikuwa na lugha ya kuamrishana kutoka Afrika Kusini, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans, inayojulikana kama Fanakalo. Wakuu wa Kibelgiji waliona hatari: wangekuwa na bendera yao juu ya mji unaoishi kama mji wa Waingereza. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefika eneo hili la Katanga katika karne ya 19 kupitia misafara ya biashara na himaya ya Msiri kule Bunkeya, kikapewa nafasi ya kuwa lugha ya kazi, hasa wafanyakazi wapya walipoanza kuletwa kutoka Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Fanakalo ikafifia. Lakini maneno kadhaa ya Kiingereza yalikwisha kupata makao vinywani mwa watu. Kitabu kilikuwa buku. Gari likawa motokari. Na mtu anayefua, anayepika na anayefagia nyumba ya Mzungu alikuwa boyi.

Mtumishi kwanza, mvulana baadaye

Wengi hudhani kwamba wakoloni walichukua neno la mtoto wakambandika mtu mzima. Historia ya Kiingereza chenyewe inaonyesha kisa chenye kona nyingi zaidi. Neno hili linapoonekana katika maandishi ya Uingereza karibu na mwaka 1300, maana yake ni mtumishi, mtu wa chini, mara nyingine mhuni. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja kutawala baadaye. Asili yake bado inabishaniwa. Wako wataalamu wanaoiunganisha na neno la Kilatini la pingu, lililopitia Kifaransa cha zamani, kwa maana ya mtu aliyefungwa.

Kutoka Uingereza neno lilipanda meli. Waingereza waliokwenda India tangu karne ya 17 walimwita mtumishi boy bila kujali umri wake, na desturi hiyo ikaenea bandari za China, visiwa vya Karibi na makoloni ya Afrika Kusini. Kule Afrika Kusini lilipanuka mpaka likaweza kumhusu mwanamume yeyote mweusi, na migodini msimamizi mweusi akaitwa boss boy. Mwandishi Peter Abrahams alitumia jina hilo la migodini kwa riwaya yake Mine Boy, iliyotoka mwaka 1946. Wafaransa nao walilichukua katika karne ya 19 kwa ajili ya watumishi wa makoloni yao. Hivyo bibi na bwana wa Kibelgiji walioshuka stesheni ya Elisabethville walilikuta neno limewatangulia kwa njia mbili: lilikuwa kwenye vinywa vya majirani zao wa kusini, na lilikuwa tayari ndani ya Kifaransa cha kikoloni.

Kiingereza sicho lugha pekee iliyochanganya utoto na utumwa. Warumi walimwita mtumwa puer, yaani mvulana, na mtumwa wa Marcus aliweza kuitwa Marcipor, mvulana wa Marcus, hata akizeeka. Kigiriki cha kale kilikuwa na pais, mtoto na mtumwa kwa neno moja. Kiarabu kina ghulam, kijana ambaye pia ni mtumishi. Katika mikahawa ya Ufaransa mhudumu mwenye mvi aliitwa garçon, yaani mvulana, na desturi hiyo imeanza kuonekana ya ufedhuli siku za karibuni tu. Penye mtu anayeamrisha na mtu anayetumwa, lugha nyingi zimemnyima anayetumwa haki ya kukua.

Vyeo vya uani

Ndani ya nyumba ya Mzungu mmoja Elisabethville, boyi hakuwa mtu mmoja. Neno lilikuwa ngazi yenye vipandio. Boy-maison alishughulika na vyumba: kutandika vitanda, kupaka nta sakafu na kuisugua mpaka ing’ae, kupanga meza, kusimama nyuma ya viti wakati wa chakula. Boy-cuisine alikuwa msaidizi jikoni, na juu yake alikuwapo mpishi, mtu mwenye ujuzi na mshahara wa juu kidogo. Lavadère, jina lenye asili ya Kireno, alifua na kupiga pasi ya makaa. Boy-jardin alitunza maua na majani. Petit boy alikuwa mwanafunzi wa wote hao, aliyetumwa kila mahali na kulaumiwa kwa kila kilichovunjika. Mwenye gari alikuwa na boy-chauffeur wa kuliosha na kubeba mizigo.

Karibu wote walikuwa wanaume. Kazi ambazo katika vijiji walikotoka zilikuwa za wake zao na dada zao, huku mjini zilikuwa kazi za kulipwa za baba wa watoto. Waliondoka vijijini mwao wakijua kuwinda, kufua chuma au kulima, wakajifunza kupika mchuzi wa Kibelgiji kwa kutazama tu. Aliyehitimu alibeba barua za mabwana zake wa zamani kama mwanachuo anavyobeba shahada, kwa sababu barua mbaya ilitosha kumfungia milango yote ya mtaa.

Na mtaa wenyewe uligawanywa. Mji wa Wazungu ulikuwa upande mmoja na makazi ya Waafrika upande mwingine, katikati pakiachwa eneo tupu kwa kisingizio cha afya. Kamalondo, wakati huo ikiitwa Albert, ilikuwa ya kwanza kukua kama mtaa wa Waafrika. Kenya, Katuba na Ruashi zikafuata. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana mji wa Wazungu bila kibali. Lakini bwana alitaka kahawa yake kabla ya jua kuchomoza. Jawabu la wajenzi likawa boyerie: chumba cha nyuma ya kiwanja, mbali na baraza lakini ndani ya mwito wa sauti. Ramani ya mji iliwatenga watu, kisha kila kiwanja kikajengewa mlango wa siri wa kuukwepa utengano huo kwa faida ya bibi wa nyumba. Mtumishi aliishi mji wa Wazungu bila kuwa mkazi wake. Mkewe na watoto mara nyingi walibaki upande wa pili.

Kwa hiyo boyerie ndilo neno lililodumu kuliko yote. Matofali hayabadilishi jina upesi. Bwana aliondoka, boyi akahama, wapangaji wakaingia, na chumba kikabaki na jina la mtu aliyelala humo kwanza.

Baba wa Mutale

Uzito wa neno hili hauonekani mpaka ulinganishe na namna watu wa Katanga wanavyoitana. Kwa Wabemba, mwanamume akipata mtoto anayeitwa Mutale, watu huacha kumtaja kwa jina lake na kumwita Bashi Mutale, baba wa Mutale. Mkewe huwa Bana Mutale. Kiswahili cha mji kinafanya vivyo hivyo kwa baba na mama. Kaka mkubwa au dada mkubwa ni yaya, na mdogo hamwiti kwa jina kavu. Umri ni cheo ambacho hakuna serikali inayokitoa wala kukipokonya.

Sasa mtazame Bashi Mutale, mtumishi asiyepewa boyerie, akivuka eneo tupu alfajiri. Upande huu ni baba, huenda ni babu, ni mtu ambaye vijana humpisha njia. Akifika upande wa pili, mtoto wa Kizungu wa miaka 6 anamwita “boy!” naye anaitika. Jioni akirudi anakuwa baba tena. Kwa miaka 30 au 40 mwanamume mmoja alivuka mpaka huo mara mbili kwa siku, na mpaka wenyewe ulikuwa silabi moja.

Kifaransa kiliongeza silaha yake. Mzungu alimwambia Mwafrika “tu”, lile “wewe” la watoto na wanyama wa nyumbani, akaliweka “vous”, lile la heshima, kwa Wazungu wenzake. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alilitaja jambo hilo hadharani mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, katika hotuba ya siku ya uhuru wa Kongo, akiliweka pamoja na vipigo, mishahara midogo na unyang’anyi wa ardhi. Hakuliona kuwa dogo. Watu waliomsikiliza redioni walijua anachosema, kwa sababu wengi wao walikuwa wameitwa hivyo asubuhi ile, au baba zao.

Kitabu cha waliosimama nyuma ya viti

Miaka mitano baada ya hotuba hiyo, katika mji ambao bado uliitwa Elisabethville, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kiliamua kuandika. Mwandishi wao alikuwa André Yav. Kazi ilipigwa kwa taipureta mwaka 1965, kwa Kiswahili cha mji, na ikapewa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Anayefungua akitafuta orodha ya maneno atashangaa. Hakuna msamiati humo. Kuna historia: Leopold wa Pili, Msiri, kuja kwa Wazungu, kujengwa kwa mji, maisha na mishahara ya watumishi, vita, uhuru na misukosuko iliyofuata.

Inafaa kutulia kidogo kwenye jambo hili, kwa maana halina mfano mwingi popote Afrika. Historia za miji ya kikoloni zimeandikwa na magavana, wamisionari, wahandisi na maprofesa. Hii iliandikwa na watu walioandaa meza za hao magavana na wahandisi. Boyi alikuwapo chumbani wakati mambo yakisemwa, kwa sababu waliokuwa wakisema hawakumhesabu kuwa mtu anayesikia. Alijua nani ana deni na nani amegombana na nani, akajua pia mabwana wanaogopa nini. Chama chake kilipoamua kuandika hakikuomba ruhusa ya taasisi yoyote, wala hakikusubiri mtu wa chuo aje na kinasa sauti.

Maandishi yenyewe ni magumu kusomwa kwa macho. Hayafuati nukta wala mgawanyo wa maneno unaofundishwa shuleni. Maneno yameungana, mengine yamekatwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alianza utafiti wake Katanga katikati ya miaka ya 1960 na baadaye akafundisha Lubumbashi, aliyachapisha mwaka 1990 katika kitabu kiitwacho History from Below. Njia iliyomfungulia ilikuwa ya kawaida kabisa: Kalundi Mango, mtu wa Katanga, aliyasoma kwa sauti, na mara yaliposikika yakaeleweka. Yav aliandika kama mtu anavyosimulia barazani, na msomaji wake alitakiwa kuwa na masikio.

Hapo ndipo neno boyi linapopata maana ambayo hakuna kamusi ya Kiingereza inayoijua. Kwa wanachama wa chama hicho lilikuwa jina la fani. Lilitaja kundi la watu wenye ujuzi mmoja, machungu mamoja na kumbukumbu moja, kama vile wachimbaji wa Union Minière walivyokuwa kundi. Neno lililotumiwa kumfuta mtu mmoja mmoja lilikuwa limewakusanya pamoja.

Kazi ya kukusanya kumbukumbu za mji imeendelea. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki, umerekodi simulizi za wakazi wa kawaida na kuzirudisha kwao kwa maonyesho. Yav na wenzake walikuwa wametangulia kwa miaka 35.

Watoto wa neno

Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi. Miaka michache baadaye serikali ya Rais Mobutu ikafuta majina ya bwana na bibi ya Kifaransa. Kila mtu akawa citoyen au citoyenne, raia tu. Amri ilibadilisha barua za ofisini na hotuba. Majumbani, familia za Kikongo zilizohamia nyumba za mbele zilirithi jiko, bustani na chumba cha nyuma, na neno likarithiwa pamoja navyo.

Lilibadilika kwa namna moja kubwa. Wanawake walipoingia kwa wingi katika kazi za nyumbani, Kifaransa cha Kongo kikatengeneza boyesse, kwa kiambishi kilekile kinachomtenganisha binti wa mfalme (princesse) na mwana wa mfalme (prince) katika hadithi. Boyesse ni neno lisiloeleweka London wala Paris. Mwingereza angelisoma kama mvulana wa kike. Lubumbashi na Kinshasa halimtatizi mtu.

Boy-chauffeur naye amedumu, lakini ametoka kwenye gereji ya bwana na kuingia barabara kuu. Leo ni msaidizi wa dereva wa lori. Hufunga turubai, hukagua matairi, hulala juu ya mzigo ili usiibiwe, husimama kwenye foleni ya Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, ambako malori ya shaba na kobalti huvuka kuingia Zambia. Wengi huanza hivyo ili wajifunze kuendesha. Hapa neno lina tumaini ndani yake: boy-chauffeur wa leo anataka kuwa dereva wa kesho.

Kiswahili cha mashariki kina ndugu zao. Kamusi huandika boi, wingi maboi, mtumishi wa kiume wa nyumbani, na riwaya maarufu ya Ferdinand Oyono wa Kamerun, Une vie de boy ya mwaka 1956, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili ilipewa jina la neno moja, Boi. Mitaani kuna hausiboi na shamba boi. Kuna taniboi, msaidizi wa lori, ambaye jina lake huhusishwa na enzi za kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini ili iwake. Gereji zina spanaboi anayekabidhi spana kabla hajaruhusiwa kuitumia mwenyewe. Ufukweni Mombasa na Zanzibar kuna bichi boi anayeuza vinyago, safari za mashua na lugha tano za kuamkiana. Nchini Kenya hata wanaume wazima siku hizi huzungumziwa kama “boy child” katika mijadala ya mtoto wa kiume aliyesahauliwa. Huko neno linaomba kutunzwa.

Kwingineko limepata heshima zaidi. Waigbo wa Nijeria wana mfumo wa uanagenzi uitwao igba boi. Kijana humtumikia mfanyabiashara kwa miaka kadhaa, hujifunza bei, wateja na hesabu, na mwisho wa muda tajiri wake anatakiwa kumpa mtaji wa kuanzisha duka lake. Sehemu kubwa ya biashara ya Waigbo iliyoinuka baada ya vita vya Biafra ilijengwa kwa njia hiyo. Japani, bōi ni mhudumu wa hoteli au mgahawa, bila kumbukumbu ya koloni. Katika kumbi za burudani za Ufaransa, boys ni wanaume wanaocheza jukwaani nyuma ya mwimbaji. Na Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa makoloni ya Afrika, alilichukua neno hilohilo alipoanzisha uskauti mwaka 1907. Mtoto wa Kizungu aliyevaa skafu shingoni akaitwa boy kwa fahari, wakati mwanamume aliyempigia pasi skafu hiyo akiitwa boy pia.

Neno moja, hata hivyo, halimo katika ukoo huu. Watu wa Kisangani hujiita Boyomais, na mgeni anayesikia Lubumbashi hudhani ni jamaa ya boyerie. Linatokana na Boyoma, jina la maporomoko ya mto Kongo yaliyo karibu na mji wao. Kufanana ni kwa sauti tu.

Mahakama na silabi moja

Nchini Marekani neno hili lilifika mpaka Mahakama Kuu. Kwa vizazi vingi katika majimbo ya kusini, mwanamume mweusi wa umri wowote aliitwa boy ili akumbushwe nafasi yake. Mwaka 1968 wazoa taka wa Memphis, Tennessee, walipogoma, walibeba mabango yaliyotangaza kwamba kila mmoja wao ni mwanamume, mtu mzima. Maneno hayo yalikuwa jibu la moja kwa moja kwa lile neno. Martin Luther King alikwenda Memphis kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili.

Miaka mingi baadaye, wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Gadsden, Alabama, walidai walinyimwa vyeo kwa sababu ya rangi. Sehemu ya ushahidi wao ilikuwa kwamba meneja Mzungu aliwaita boy. Mahakama ya rufaa ilisema neno hilo likiwa peke yake, bila kutajwa rangi, halithibitishi ubaguzi. Mwaka 2006, katika kesi ya Ash dhidi ya Tyson Foods, Mahakama Kuu ilikataa hoja hiyo. Majaji walisema maana ya aliyesema hutegemea mambo kama mazingira, mkazo, toni ya sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi.

Kipimo hicho kinafaa Lubumbashi kuliko kamusi yoyote. Dereva anayemwita boy-chauffeur wake katikati ya safari ya siku tatu anataja kazi, na huenda watakula sahani moja jioni. Mpangaji anayesema boyerie anataja chumba. Kijana anayeombwa na rafiki yake amletee maji, akajibu “Miye siko boyi yako,” anakataa utumwa kwa kutumia neno lenyewe kama ushahidi. Lakini tajiri anayemnyooshea kidole mwanamume mwenye mvi mbele ya wageni na kusema “boyi, kuya hapa” amebeba historia yote ya eneo tupu na vibali vya usiku, ajue asijue. Silabi ni zilezile. Kinachotofautiana ni nani anasema, kwa nani, kwa sauti gani.

Ndiyo maana familia nyingi za Lubumbashi zimekwisha kutafuta njia nyingine. Mtumishi mtu mzima huitwa Papa au Mama, likifuatwa na jina lake. Wengine hufundisha watoto wao kumwita yaya. Watu wa sheria husema mfanyakazi wa nyumbani. Jina jema ni mwanzo, nalo halilipi kodi ya nyumba. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 mwezi Juni 2011 ili watu wa kazi hii wapate mambo ya msingi: masharti ya kazi yanayoeleweka, siku ya kupumzika, ulinzi dhidi ya kunyanyaswa. Shirika hilo linakadiria kuwa duniani wako wafanyakazi wa nyumbani milioni 75.6, na zaidi ya robo tatu yao ni wanawake. Anayeitwa Papa kwa heshima huku akilipwa baada ya miezi miwili bado ana dai halali.

Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili haijaisha pia. Kamusi za Kiswahili sanifu zinampa boi mstari mmoja. Ingizo kamili lingehitaji boyi, baboyi, boyesse, boyerie na boy-chauffeur, mifano ya sentensi kutoka Kamalondo na Kenya, na jina la André Yav. Aliyekuwa na miaka 18 akipiga pasi Elisabethville mwaka 1958 amepita miaka 80 sasa. Yeye ndiye anayejua lavadère alilipwa kiasi gani, kengele ya bibi ililia mara ngapi kwa kila kazi, na baboyi wenyewe waliitanaje milango ikishafungwa. Vinasa sauti vimo katika kila simu ya mkononi mjini, na Katuba si mbali.